Usingizi Hauuzwi Kwenye Beseni

Kuna maneno yanayorudiwa sana katika mikutano yetu ya mila, mpaka yamekuwa sawa katekisimu: dawa za wakubwa wetu hazina ubaya wowote, dawa za wazungu ni sumu. Upande wa pili wa barabara kuna ndugu zetu waliosoma. Hao wanacheka mizizi na vibuyu, lakini mangaribi wanamtuma mutoto awanunulie vidonge viwili vya Valium kwa kijana anayetembeza dawa kwenye beseni, katikati ya biskwiti na wembe. Watu hao wanatukanana kila siku. Mimi ninasema ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu wote wanauliza ulizo lile lile: "Dawa gani inalalisha?" Kwa kijana mwenye afya aliyekosa usingizi siku mbili, ulizo hilo ni la kijinga tu. Kwa mtu mwenye tansio, sukari na kifua kibaya, ni ulizo linaloweza kuua.

Ninaandika juu ya watu hao wa mwisho, maana Likasi imejaa nao. Mji huu, tangu ulipoitwa Jadotville, ulilala na kuamka kwa saa ya kiwanda. Baba zetu walifanya kazi ya posti tatu kule Shituru, wiki hii asubuhi, wiki ile mchana, nyingine usiku, kwa miaka ishirini au thelathini. Mwaka 2003 Gécamines ilifungua ule mpango wa "kuondoka kwa hiari", na wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaacha kazi (hiari, neno hilo nalo lingepashwa kuandikiwa makala yake, lakini si leo). Wale ambao wangali hai ni wazee sasa. Siku za kampuni, mfanyakazi na familia yake walikuwa na hopitali, munganga na karatasi yao ya ugonjwa ndani ya sanduku la chuma. Leo wengi wananunua dawa moja-moja, hii kwa farmasi, hii sokoni, hii kwa jirani ambaye alipona nayo. Hakuna mtu hata mmoja ambaye anajua vyote vilivyomo ndani ya mwili wa muzee huyo.

Tuseme muzee mmoja wa Kikula. Simtaji mtu, mchukue baba yako, au mjomba wako. Ana tansio, ana sukari, miguu inavimba, prostati inamwamsha kila saa, na anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Siku moja anasema: "Mutoto wangu, mi silali tena." Familia inakaa. Shangazi anajua mama fulani wa mizizi. Kaka mkubwa anajua Valium. Shemeji anajua mchungaji. Kila mmoja anakuja na jibu lake, na muzee anakaa pale katikati sawa meza. Hakuna anayemwambia: Tata, unaamka saa ngapi? Unaamka juu ya nini? Ukiamka, shati imelowa jasho? Ukilala chali, pumzi inakatika? Na vidonge hivi, unavikunywa wakati gani?

Tuanze na ulizo hilo la mwisho, kwa sababu ndilo rahisi. Kidonge cha kukojolesha, furosemidi, kinafanya kazi kwa saa sita hivi. Anayekimeza saa kumi na mbili ya mangaribi atatembea kati ya kitanda na choo mpaka usiku wa manane. Kama munganga wake anakubali kihamie asubuhi, usingizi utarudi bila kununua kitu. Deksametazoni, ambayo dada zetu wanaimeza ili wanenepe, na ambayo wazee wanapewa juu ya viungo, inakesheza mtu, zaidi ikikunywewa jioni. Tena inapandisha sukari na tansio. Dawa ya asima, salbutamoli ya vidonge, inafanya mikono itetemeke na moyo upige mbio. Haya yote yameandikwa kwenye karatasi ndogo inayokunjwa ndani ya boksi. Lakini anayenunua vidonge vitatu vilivyofungwa ndani ya kipande cha gazeti ataisoma wapi?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo linanifanya niandike kwa hasira. Kuna vidonge vya sukari, glibenklamidi ndiyo inayojulikana zaidi kwetu, ambavyo vinaendelea kushusha sukari usiku wote. Muzee akimeza jioni, kisha bukari ikakosekana nyumbani au ikawa kidogo, sukari yake inaweza kuanguka saa nane ya usiku. Kama figo zimechoka, hatari inazidi, maana dawa haitoki mwilini haraka. Anatoka jasho, moyo unapiga, anaota ndoto za kutisha, anashituka. Asubuhi anasema hakulala. Ndugu msomaji, kule kushituka ndiko kulikomwokoa. Mwili ulipiga kelele ili mwenye nyumba aamke atafute kipande cha mkate au maji ya sukari. Wewe, kwa mapendo yako yote, ukimpa kidonge cha kulalisha, au kikombe cha mizizi ya kulalisha, umemziba mlinzi mdomo. Asubuhi watu watasema kwa furaha: leo muzee amelala vizuri, musimwamshe. Saa nne mtu atagusa mguu wake.

Mambo ya kukoroma ni vilevile. Kukoroma kwingine ni makelele tu. Kuna kule ambapo mtu anakoroma, kisha kimya, pumzi imesimama, kisha anashituka kwa nguvu na kuanza tena, mara nyingi kila saa. Huyo anaamka amechoka sawa aliyepiga posti ya usiku, na mchana anasinzia kwenye kiti. Tena ugonjwa huo wenyewe unapandisha tansio. Diazepamu inalegeza koo na kupunguza nguvu ya pumzi. Unampa mtu anayekabwa kitu cha kumkaza zaidi.

Najua watanijibu: munganga mwenyewe anaandika diazepamu. Ndiyo, anaandika, na iko sababu za kuiandika: degedege, mtu aliyejikaza misuli, siku chache za wasiwasi mkubwa. Ni dawa ya kweli, iliyotolewa na kampuni ya Uswisi mwaka 1963 kwa jina la Valium. Lakini tuangalie hesabu moja. Katika mwili wa kijana wa miaka 20, nusu ya diazepamu inaondoka kwa muda wa saa 20 hivi. Kwa muzee wa miaka 80, inahitaji karibu saa 90. Maana yake, kidonge cha Jumatatu kingali ndani Alhamisi, na juu yake umekwisha kuweka cha Jumanne na cha Jumatano. Muzee anaanza kusahau majina ya wajukuu, anayumba akienda choo, anaanguka, nyonga inavunjika. Familia inasema: uzee huo. Tangu mwaka 1991 Wamarekani wana orodha ya dawa ambazo wazee wanapashwa kuepuka, iliyoanzishwa na munganga Mark Beers. Shirika lao la waganga wa wazee liliitengeneza upya mwaka 2023, na vidonge vya jamaa ya Valium vingali humo. Prometazini pia imo, ile ya Phénergan ambayo tunasema "ni ya mafua tu, hata watoto wanapewa". Mwanaume mwenye prostati akiimeza ili alale, anaweza kukuta mkojo umefunga kabisa, na usiku huo hatalala yeye wala nyumba nzima.

Na hiyo ni diazepamu ya kweli. Ile ya beseni, nani anaijua? Sisi Wakongo hatuhitaji mfano wa mbali. Mwisho wa mwaka 2014, kule Ituri na upande wa Haut-Uélé, watu walianza kufika kwenye vituo vya afya shingo zimepindika, macho yamegeuka juu, ulimi umetoka nje, uso umekazika. Wengi walikuwa watoto. Waganga walifikiri kwanza ni meninjiti. Hesabu ilipanda mpaka mamia ya wagonjwa katika miezi iliyofuata. Madaktari Wasio na Mipaka walipopeleka vidonge kupimwa, ikaonekana kwamba vile vilivyoandikwa diazepamu kwenye kopo havikuwa na diazepamu hata chembe. Vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Mwezi wa saba mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo. Tena vile vilitoka kwenye makopo yenye karatasi ya jina. Kidonge kilicho uchi ndani ya gazeti hakina hata jina la uongo.

Hapo watu wa upande wa kwanza wanapiga makofi: "Tulisema! Turudi kwenye mizizi!" Wangoje kidogo, zamu yao imefika.

Katika misitu ya Kongo kuna mti ambao wataalamu wanauita Rauwolfia vomitoria. Sehemu nyingi za Afrika wakubwa walitumia mizizi yake kutuliza mtu mwenye wazimu, kushusha homa, kumlalisha aliyekosa usingizi. Walijua walichokifanya. Mwaka 1952, katika maabara ya kampuni moja ya Uswisi, walitoa katika ndugu yake wa India kitu kinachoitwa rezepini, na kitu hicho kimo pia ndani ya mti wetu. Kikawa dawa ya tansio duniani kote. Huo ni ushahidi mkubwa kwa ajili ya wakubwa wetu, na mimi ninauchukua kwa mikono miwili. Lakini ushahidi huo huo unaua kanuni yenu. Waganga waliotumia rezepini miaka ile ya 1950 waliona kwamba tansio inaweza kuanguka kupita kiasi, na kwamba wagonjwa wengine walizama katika huzuni nzito. Basi, mizizi yenye nguvu ya kulalisha ina nguvu ya kuangusha pia. Muzee wetu wa Kikula, ambaye amekwisha kumeza vidonge viwili vya tansio asubuhi, akipewa kikombe cha mizizi ya namna hiyo jioni, atasimama usiku kwenda choo na dunia itageuka. Huwezi kusifu nguvu za dawa na kusema haina ubaya kwa pumzi moja. Chagua.

Kuna pia majani yasiyo na ubaya. Chai ya sitronele, ile tunayopanda nyuma ya nyumba, Wabrazili nao wanaikunywa kwa ajili ya usingizi. Watafiti wao waliipima kwa watu mwaka 1986: haikuwadhuru, lakini haikuwalalisha pia. Ninaipenda. Muzee akiikunywa saa kumi na moja akizungumza na wajukuu, vizuri sana, mazungumzo yenyewe yanamtuliza. Asiikunywe kopo tatu kabla ya kulala, na hiyo prostati yake. Juu ya lutuku sitasema mengi. Kweli inaangusha mtu upesi, na saa tisa ya usiku inamwamsha koo limekauka. Ikichanganywa na diazepamu, pumzi inaweza kusimama. Na vile vichupa vya melatonini ambavyo jamaa wanatutumia toka Ubelgiji na Marekani, tusiviabudu. Wakanada walipopima aina 31 mwaka 2017, kiasi kilichokuwemo kilitofautiana na kilichoandikwa nje, vingine pungufu kwa asilimia 83, kingine zaidi kwa asilimia 478. Beseni iko hata kwa wazungu, ila yao ina kifuniko.

Sasa neno ambalo linafunikwa katika familia zetu. Muzee anaota ndoto mbaya. Anaamka akitafuta hewa, anakimbilia dirishani, anasema: "Kuna mutu alinikalia kifuani." Mchana hajamaliza kusimulia, na nyumba imekwisha kupata jibu: "Ni bulozi. Banamukabaka usiku." Kisha macho yanamgeukia yule mutoto wa marehemu dada, ambaye anakula sana, anakojoa kitandani na haangalii watu usoni.

Mwenye moyo uliochoka anaamka hivyo hasa. Akilala chali, maji yanarudi kwenye mapafu, na baada ya saa moja au mbili anashituka anazama. Miguu inayovimba na ule usiku wa kuzama ni ugonjwa mmoja. Huyo anahitaji mito mitatu chini ya mgongo usiku huu, na munganga kesho asubuhi. Dawa nazo zinaleta ndoto. Propranololi ya tansio inaleta. Efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya kidonge cha wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi, ilijulikana kwa ndoto kali zenye rangi, mtu anaota anakimbizwa, anaota wafu. Shirika la Afya Duniani lilianza kupendekeza dolutegraviri mahali pake mwaka 2018 na kulirudia mwaka 2019. Na dolutegraviri yenyewe inaweza kuzuia usingizi, ndiyo maana wengine wanashauriwa kuimeza asubuhi. Sasa fikirini mtu aliyeficha ugonjwa wake, anameza kidonge chake kwa siri kila jioni, na kila usiku anaota wafu. Hawezi kusema juu ya kidonge. Atasema nini, kama si bulozi? Na nani atalipa, kama si mutoto asiye na mama?

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mutoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mutoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu ya kifungo. Tunazijua sheria hizo, tunawafundisha hata wanafunzi, na bado watoto wanalala sokoni. Mtu akiniambia kwamba kumfukuza mutoto juu ya ndoto ya muzee ni mila ya wakubwa wetu, nitamwuliza anionyeshe mkubwa gani alifanya hivyo kabla ya kuuliza maulizo.

Maana wakubwa waliuliza. Hapa ndipo ninapogombana na mikutano yetu ya mila: tunalinda kibuyu, tunatupa maulizo. Kwa Baluba, waaguzi walikuwa na chombo kinachoitwa kashekesheke, kipande kidogo cha mti kilichochongwa na kutobolewa katikati. Mwaguzi anakishika upande wake, na aliyekuja kuuliza anakishika upande wake, wote wawili pamoja, kisha maulizo yanapita moja moja, na chombo kinajibu kwa kusogea juu ya mukeka. Sisemi kwamba mti ule unajua figo. Ninasema tazama mikono: miwili ya watu wawili. Mgonjwa na jamaa yake hawakukaa kando wakingoja kopo. Waliulizwa wanakula nini, wamegombana na nani, kifo gani hakikuliliwa vizuri, ndoto zilianza mwezi gani. Dawa ilikuja mwisho. Mfanyabiashara wa mizizi wa leo, ambaye anajiita mrithi wao, anauliza kitu kimoja: chupa kubwa ao ndogo? Huyo na kijana wa beseni wana chuo kimoja.

Tena wakubwa walikuwa na kitu kingine ambacho tumekiacha bila kukililia: mtu wa kukaa na mgonjwa. Mgonjwa hakulala peke yake. Kulikuwa na shangazi kwenye mukeka karibu na mlango, anayesikia pumzi ikibadilika, anayejua kama ameloa jasho, ameamka mara ngapi, amesema nini usingizini. Asubuhi shangazi huyo alikuwa na habari ambayo leo munganga hawezi kuipata, maana muzee analala peke yake kwenye chumba cha nyuma, na wajukuu wana masikio kwenye simu. Usiku mbili za shangazi kwenye mukeka zingetuambia kama ni sukari, ni pumzi, ni mkojo ao ni kilio cha mke aliyekufa mwaka jana. Hiyo ni mila, na haigharimu makuta.

Kuna usingizi pia unaoibiwa toka nje. Nganda hapa, na bafle zake mpaka saa saba. Kando yake kanisa la uamsho linakesha Ijumaa, lina bafle kubwa zaidi, kwa kuwa lazima lishinde nganda. Tunaomba usiku kucha ili muzee apate usingizi, na maombi yenyewe ndiyo yanayomkesheza. Sisemi watu wasiombe. Mungu anasikia hata bila jenereta. Umoja wetu, ambao unajua kuandika barua kwa meya juu ya jina la barabara, ungeweza kuandika moja juu ya bafle.

Ninajua mnangoja niseme dawa yangu. Sina ya kuuza. Waganga wa Marekani, kwa shirika lao la American College of Physicians, walitoa shauri mwaka 2016: kwa mtu mzima aliyekosa usingizi muda mrefu, kabla ya kidonge, ianze kazi ya mazoea na mazungumzo. Mtu aamke saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Atoke kwenye mwanga wa asubuhi. Asilale mchana kutwa. Asiende kitandani kabla usingizi haujamshika, na kama haumshiki, atoke kitandani akae pengine, asibaki akigaagaa na kuhesabu deni. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa mateso. Nikiisoma, ninaona wazee wetu wa kijijini: walikaa kwenye moto mpaka macho yanafunga, waliamka na jogoo. Ni kweli katika nyumba ya vyumba viwili na watu tisa, "toka kitandani ukae pengine" ni shauri la mtu mwenye sebule. Basi akae kwenye kizingiti, amejifunika. Aliyefanya kazi ya posti tatu maisha yake yote atahitaji majuma mengi, mwili wake ulifundishwa vibaya.

Na maumivu, hayo yanatibiwa kama maumivu. Kijana wa SS, yaani damu ya mundu, ambaye mifupa inamwuma usiku, ao mama mwenye kansa, hakosi usingizi, anakoseshwa. Kumpa Valium ni kumfunga kitambaa machoni huku moto unamwunguza. Apewe dawa ya maumivu inayotosha, na munganga asiogope kuiandika.

Neno moja la hatari kwa wale ambao makala hii itawakuta wamezoea kidonge miaka mitano ao kumi. Musikitupe leo usiku. Kuacha diazepamu kwa mara moja kunaweza kuleta degedege na wazimu wa siku kadhaa. Kinapunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma ao miezi, na munganga anayejua.

Mtanijibu kwamba munganga hana wakati, mstari ni mrefu, na atamwangalia muzee dakika tano. Ni kweli. Ndiyo sababu dakika tano hizo zinapashwa kutayarishwa nyumbani. Chukueni mfuko mmoja, wekeni ndani vidonge vyote muzee anavyomeza, vya farmasi na vya beseni, hata vile vya jirani. Aliyekaa kwenye mukeka usiku mbili aandike kwenye karatasi ya daftari saa za kuamka, na sababu. Na ile chupa ya mizizi iliyofichwa chini ya kitanda iingie ndani ya mfuko pia, hata kama munganga atakasirika. Akikasirika, mama wa mizizi naye aitwe, aje aseme mbele yake ameweka mti gani.